Panya Kumi na Mmoja

Siku ya tatu tangu arudi kazini baada ya eda, Mwanakombo alikuta panya wake wameanza tena kubonyeza vitufe.

Alisimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akasikiliza. Tak. Tak-tak. Tak. Sauti ile alikuwa hajaisikia kwa miezi saba, na kusema kweli alitamani asiisikie tena mpaka astaafu. Aliweka kikombe chini, akavuta kiti, akakaa mbele ya masanduku kumi na mawili ya kioo. Namba nne, yule mwenye sikio lililochanika, alibonyeza kitufe, akanusa mrija, hakupata kitu, akabonyeza tena. Alivyokazana ungedhani ana kibarua cha kumaliza kabla ya adhuhuri.

"Na wewe pia," Mwanakombo alimwambia. "Haya."

Alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa kulala ukaamka umepona. Alikuwa amemzika mume, akakaa ndani miezi minne na siku kumi akiwapokea waliokuja kumliwaza na waliokuja kuchungulia nani atabaki na nyumba. Alirudi Kituoni akijua kwamba angalau panya hawatamuuliza kitu. Sasa hata panya nao wameleta yao.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Kila panya pale alifundishwa kwanza, katika chumba kingine, kwa wiki tatu, kwamba akibonyeza kitufe, taa ya buluu inawaka na tone la kokeini linaingia mwilini kwa mrija ulioshonewa shingoni. Kwa jambo la namna hiyo panya hufundishika upesi. Wengine walisahau hata kula. Kisha akaletwa kwa Mwanakombo, mrija ukafungwa. Bonyeza utakavyo, hupati kitu. Na kichwani mwa kila mmoja ukapitishwa uzi mwembamba kuliko unywele, kazi yake kuituliza arosto, ile kiu ya dawa, kila inapoamka. Mibonyezo ikapungua kutoka mia mbili kwa saa hadi ishirini, hadi mitatu, hadi kimya. Hapo huandikwa kwenye fomu: amezimika. Neno hilo hilo ndilo lililotumika ng'ambo ya ua, kwenye wodi ya watu. Fulani amezimika, anarudi nyumbani.

Na wodini humo alikuwamo Mbaruku, mdogo wake Mwanakombo, kitinda mimba wa mama yao, fundi cherehani ambaye unga ulimla mpaka akauza mashine zake zote tatu. Alikuwa na mwezi wa kumi na nne akiwa na uzi kichwani. Baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, angetoka pamoja na wenzake arobaini, na dada yake ndiye aliyepaswa kumsainia.

Aliyemshikia Mwanakombo kazi wakati wa eda alikuwa Hiza, mtu mzuri asiyependa maneno. Daftarini aliandika kwamba vitufe ni vibovu. Alivibadilisha mara mbili, vikaendelea kubonyezwa, naye akaandika tena kwamba ni vibovu.

Mwanakombo alifunga daftari, akainama kwenye safu ya chini, nje ya yale masanduku kumi na mawili.

Kule chini walikaa panya sita ambao hawakubonyeza chochote. Hao waliwahi kuzimika, wakarudia, wakapigwa fundo. Kupigwa fundo maana yake uzi ule ule unakazwa mpaka panya hatamani tena, na hapo simaanishi kokeini peke yake. Ukimwekea karanga anaitazama. Ukimwekea maji anayatazama pia. Mwanakombo alimtoa mmoja mmoja, akamlaza kiganjani, akamlisha uji kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, akimpapasa koo ili ameze. Panya alimeza. Hakukataa wala hakuomba.

"Hawaumwi," Daktari Kilave, mwenye uzi wenyewe, alipenda kusema, na ilikuwa kweli. Hakuna kilichokuwa kikiwauma.

Sheria ya watu, iliyosimamiwa na Jopo la serikali, nayo ilikwenda hivyo hivyo. Aliyezimika akitoka, kisha akakutwa amerudia, hupigwa fundo siku hiyo hiyo bila kesi, kwa kuwa mdhamini wake alishasaini. Mwanakombo alikuwa amewahi kumwona mtu mmoja wa fundo, mwanamke, ameketi kibarazani kwao huku mama yake akimkumbusha kupepesa macho vumbi lilipopita. Tangu siku ile hakupita tena mtaa ule.

*

Jibu alilipata Jumatatu, na alilipata kwa aibu.

Tangu arudi alikuwa akivaa makoti ya stoo, kwa kuwa ya kwake mwenyewe alikuwa ameyafungia sandukuni nyumbani, hakuwa na moyo wa kulifungua. Jumatatu ile stoo hapakuwa na koti safi. Akafungua sanduku, akatoa lake la zamani, akaenda nalo kazini, akalitundika msumarini karibu na masanduku kama alivyozoea miaka yote. Vitufe vilikuwa vikigonga kwa fujo. Alikaa kuandika. Baada ya nusu saa aliinua kichwa, akaona kuna kimya. Namba nne alikuwa amejikunja pembeni anajilamba tumbo.

Kwanza alidhani wamekula sumu. Kisha alilitwaa koti, akalinusa, akalinusa tena.

Udi.

Kwake nguo zote zilifuliwa, zikaanikwa, zikafukizwa juu ya chetezo. Mashuka, kanga, taulo, na koti la maabara. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Kanuni za Kituo zilikataza manukato, na yeye alizitii kwa moyo safi: hakuwahi kujipulizia hata tone la chupa. Udi hakuuhesabu, na tangu msiba chetezo kilikuwa hakijawashwa.

Alirudia mara sita ili awe na hakika. Siku hii koti lipo, siku ya pili halipo, hata Jumamosi na Jumapili alikwenda. Likiwepo, kimya. Lisipokuwepo, wanabonyeza mpaka makucha yanakatika. Akawahamishia chumba kingine kabisa, kisicho na harufu yoyote, nyuzi zao zikiwa kichwani na zinafanya kazi. Kati ya kumi na wawili, kumi na mmoja walirudi kwenye kitufe kabla saa haijaisha. Yule wa kumi na mbili alikuwa mvivu tangu mwanzo, hata kokeini yenyewe hakuikimbilia.

*

Daktari Kilave alikuwa akila mihogo ya kuchemsha juu ya rundo la faili. Mzee wa miaka sitini na tano, ishirini na miwili kati ya hiyo ameitoa kwa uzi huu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Udi," alisema.

"Udi, Daktari."

"Bi Mwanakombo, kanuni imeandikwa pale mlangoni. Hakuna manukato."

"Manukato nilijua ni yale ya chupa. Udi kwetu ni kufua. Nguo isiyofukizwa haijafuliwa bado."

Daktari alifumba macho kidogo. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, Mwanakombo angejua la kumjibu.

"Kwa hiyo hawakujifunza kwamba kokeini imekwisha," alisema polepole. "Walijifunza kwamba mahali panaponukia hivi, haipo. Ya zamani haikufutika. Imelala."

"Na uzi?"

"Uzi unasaidia. Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mmoja kati ya kumi na wawili, umeniambia mwenyewe." Alichomoa mzizi wa muhogo, akauweka pembeni ya sahani. "Na watu wa wodini wana udi wao. Vigae vyeupe, sabuni ya karboliki, kengele ya saa sita, nesi yule yule. Humo ndimo walimozimikia."

Nje kigari cha kufulia kilipita uani bila mlio, kikijiendesha.

"Nitaandika ripoti," Mwanakombo alisema.

"Andika. Lakini ujue Jopo litasoma mstari mmoja tu: uzi haushiki. Na dawa yao ya uzi usioshika unaijua. Wameitaka muda mrefu, mimi ndiye ninayewazuia kwa kuwaonyesha panya wako waliotulia. Wakipata karatasi hiyo, watapiga fundo wote arobaini na mmoja wakiwa hapa hapa, bila kungoja mtu ateleze."

"Na nisipoandika?"

"Jumamosi wanakwenda makwao. Baadhi watashika. Mtu si panya. Mtu ana watoto, ana dini, ana haya."

"Na wasioshika?"

Daktari alitazama mihogo yake. "Hao ndugu zao watakuwa wameshawasainia."

Mwanakombo alitamani kumtupia ile sahani. Alimchukia kwa dakika nzima, kisha chuki ikamchosha nayo, kwa sababu mzee hakuwa akisema uongo na kosa halikuwa lake. Nani aliyefukiza? Yeye. Kwa mikono yake mwenyewe, na kwa raha zake.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema.

*

Mdhamini aliruhusiwa kumtoa mgonjwa wake nusu siku. Alhamisi asubuhi Mwanakombo alimchukua Mbaruku, akamwambia wanakwenda kuangalia kibanda chake cha zamani kama bado kinafaa kwa kazi. Neno hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa lote.

Walitembea kwa miguu chini ya ukuta uliojengwa kuizuia bahari. Mbaruku alikuwa amenenepa, amenyoa, na mdomo wake ulikuwa umerudi.

"Dada, hicho kiatu kimekosa nini hata ukivute hivyo?"

"Kimezeeka."

"Au mwenyewe?"

"Sote wawili. Tembea."

Bangili iliyosoma uzi wake iling'aa kijani mkononi. Mbaruku alimwonyesha dada yake kila baada ya hatua chache, kama mtoto mwenye saa mpya. Alimweleza habari za Saumu, binti yake, aliyekuwa akimwandalia chumba. Alimweleza atakavyoanza na kushona sare za shule, halafu mashati. Mwanakombo aliitika, na kila alivyoitika ndivyo alivyojiona mnafiki.

Kibandani walimkuta mzee Shekue, aliyewahi kushirikiana na Mbaruku, akinyoosha kanzu. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo alitumia pasi ya mkaa ya babu yake. Walisalimiana, wakaulizana hali. Mzee alinyunyiza maji kwenye kitambaa, akashusha pasi. Mvuke ukapanda, na harufu ya pamba mbichi ikiungua kidogo.

Mbaruku aliacha kuongea katikati ya sentensi.

Bangili ikawa manjano. Mwanakombo alihesabu pumzi zake mwenyewe, moja, mbili, tatu, nne, ikawa nyekundu. Mbaruku aliishusha mikono ya shati mpaka vidoleni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nina haja ndogo," alisema. "Naenda huko nyuma mara moja."

Nyuma ya kibanda hapakuwa na choo. Mwanakombo alimpa muda wa kutosha, kisha akamfuata. Alimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta, amechomeka kidole kwenye ufa kati ya tofali mbili. Alikitoa, akakitazama, akakichomeka tena. Alikitoa. Akakichomeka. Enzi zile alikuwa akificha pakiti zake za unga humo, akivuta huku pasi ikipata moto.

"Mbaruku," dada yake alimwita.

Hakugeuka. Kidole kilikuwa kikitoka damu.

"Hamna kitu humo, mdogo wangu."

"Najua hamna." Alikichomeka tena. "Najua, dada. Nitakwambia nini, najua."

Alimshika mkono, akamwinua, akamkalisha kwenye gogo. Walikaa mpaka bangili ikarudi manjano. Mbaruku ndiye aliyeanza.

"Hukuja kuangalia kibanda."

"Hapana."

"Umenitoa kunipima."

"Ndiyo."

"Huko njiani kote ulikuwa unaniangalia bangili."

"Ndiyo, Mbaruku."

Alicheka kidogo, kicheko kibaya. "Hao panya wako, unapowapima, huwa unawaambia?"

"Nawaambia. Hawanisikii."

"Mimi ningekusikia, dada."

Neno lile lilimwingia Mwanakombo, likakaa. Alianza kumweleza yote pale pale kwenye gogo, tangu koti mpaka udi, tangu kumi na mmoja mpaka Jopo, na karatasi ya udhamini iliyokuwa mkobani mwake. Mbaruku alisikiliza akiwa amefunga kidole kwa ncha ya shati.

"Hao wa fundo wakoje?" aliuliza.

"Nawalisha kwa bomba."

"Kwa nini, hawana meno?"

"Wana meno. Hawataki."

Alikaza ncha ya shati kidoleni. Mbele, pasi ya mzee Shekue ilisikika ikigonga meza.

"Kila Jumatano tunajaza fomu," Mbaruku alisema mwishowe. "Je, umeota unatumia? Je, umetamani? Sote tunaandika hapana. Tunaambizana kabla hatujaingia, hata wageni tunawafundisha. Mimi naota kila wiki. Kuna mzee mmoja pale anaota kila siku, na ndiye aliyeandikwa amezimika wa kwanza."

"Kwa nini hamkusema?"

"Tunataka kwenda nyumbani. Wewe usingetaka?"

Kumbe Daktari hakuwa na panya waliotulia peke yao, alikuwa pia na watu waliotulia kwenye karatasi. Mwanakombo alijikuta anacheka, kwa uchovu tu, kisha kicheko kikamshinda akajifuta macho kwa kanga.

"Sitasaini," alisema. "Hata usiponisemesha tena."

"Usisaini. Na ripoti uiandike."

"Watawapiga fundo, hujanielewa?"

"Nimekuelewa. Andika, na mimi uniweke humo, jina langu na la baba, na hiki kidole. Panya wako hawawezi kusimama mbele ya Jopo wakasema tusikilizeni, tumelala lakini hatujafa. Mimi nina mdomo. Waniulize mimi kabla hawajakaza huo uzi wao. Na wale wengine nitawaambia kesho waombe fomu upya, waandike ndiyo. Wote."

"Watakubali?"

"Sijui. Wengine watanipiga."

"Ni mwaka mwingine humo ndani, Mbaruku. Pengine zaidi. Na pengine wasikusikilize kabisa."

"Nimeshasikia." Alisimama, akajipangusa magoti. "Na bado nimekukasirikia. Usidhani yamekwisha."

"Sidhani."

Walirudi kwa njia ya mbali ili wasipite mbele ya pasi.

*

Daktari Kilave aliipokea ripoti alasiri ile, kurasa tatu kwa mwandiko wa Mwanakombo, kosa lake likiwa mstari wa kwanza. Aliisoma akiwa amesimama. Hakumsihi wala hakumfokea. Aliuliza tu kama mgonjwa amekubali jina lake litajwe, akaambiwa amekubali, na yuko tayari kuhojiwa. Basi akatafuta kalamu, akaandika chini ya ukurasa wa mwisho kwamba Jopo lisifanye lolote kabla ya kumsikia mtu huyu, akatia saini yake.

"Hiyo saini itanifukuzisha," alisema.

"Pengine na mimi," Mwanakombo alijibu. Hakuna aliyejaribu kumfariji mwenzake.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote. Kwenye benchi nje ya wodi, Mbaruku aliishika simu ya dada yake mapajani, akaitazama tu. Mwanakombo ndiye aliyempigia Saumu, akaiweka sauti ya juu kwa kuwa masikio ya Mbaruku hayakuwa mazuri tangu uzi upite.

"Shangazi?"

"Ni mimi," Mbaruku alisema.

"Baba! Nimemaliza kupaka rangi. Dirisha bado, lakini dirisha nitamaliza kesho. Mtafika saa ngapi Jumamosi?"

Mbaruku aliifunika simu kwa kiganja, akaifunua. Mwanakombo alitaka kumpokonya simu aseme yeye, aseme ni gari, ni mvua, ni karatasi. Alijizuia kwa nguvu zake zote.

"Jumamosi siji, mwanangu."

Upande wa pili kiti kilisogezwa.

"Umefanya nini?" Saumu aliuliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu mzima aliyewahi kuuliza swali hilo mara nyingi.

"Sijafanya kitu. Ila sijapona. Walisema nimepona nami nikaitikia, kwa sababu nilitaka kuja. Leo nimetoka na shangazi yako, nikaona mwenyewe. Nikija sasa nitakuibia tena, Saumu. Mimi najijua."

Walisikia msichana anapenga kamasi.

"Hujawahi kuniambia hivyo," Saumu alisema.

"Sijawahi."

"Siku zote unaniambia umeacha."

"Ndiyo."

"Basi Jumamosi nitakuja mimi huko. Wanaruhusu?"

"Wanaruhusu mpaka saa kumi."

"Nikuletee nini?"

Mbaruku alimtazama dada yake kana kwamba ameulizwa jambo asilolijua. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Niletee pweza," alisema. "Wa kukaanga, si wa supu, huku wanatupa supu mpaka tumekoma. Umtie pilipili ile ya kusaga mwenyewe. Na mkate wa kumimina, kipande cha chini kilichoungua kidogo. Na maembe mabichi, kama yapo. Na uzi, uzi wa kushonea, mweupe na wa buluu, na sindano namba tisa, nimechoka kukaa bure. Na picha ya hicho chumba. Na redio, ile ndogo, hata kama imekufa nitaitengeneza. Na ule mto wangu wa pamba..."

Aliendelea kutaja, yeye ambaye fundo lingemfanya hata karanga aitazame tu. Mwanakombo alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondokea mapajani, hakuyafuta. Aliomba kimoyomoyo Saumu asimkatize.